Nani Alimtuma Tamari?

Wazazi wangu, walimu wenzangu, fungueni 2 Samweli, sura ya 13. Ni sura tunayoiruka. Habari ya Daudi na Goliathi watoto wetu wanaisimulia bila kutazama kitabu, hata wale wa darasa la kwanza. Lakini habari ya Tamari, binti wa Daudi huyo huyo, mtu anaweza kubatizwa, kuoa, kuzeeka na kuzikwa bila kuisikia mimbarini hata mara moja. Leo tuisome mchana kweupe, hapa kwetu Lulimba, katika Fizi, mashariki mwa Kongo, na tuisome kwa ajili yetu sisi watu wazima kabla hatujawaita watoto.

Amnoni alimtamani Tamari, dada yake wa baba mmoja, mama mbalimbali. Alikuwa na rafiki, Yonadabu, mtoto wa ndugu ya Daudi, mtu mwenye akili nyingi za hila. Yonadabu akampa mbinu: jilaze, jifanye mgonjwa, baba akija kukuona mwombe akuletee Tamari akupikie mikate mbele ya macho yako. Mfalme akaja, akaombwa, akakubali. Sasa tazameni mstari wa 7, maana maneno yangu yote ya leo yamesimama hapo. Nani alimtuma Tamari katika nyumba ile? Si Amnoni. Si Yonadabu. Ni baba yake mzazi. Daudi alipeleka ujumbe kwa binti yake kwamba aende kwa kaka yake akampikie, na binti akatii kama alivyolelewa kutii. Akachukua unga, akakanda, akaoka, akapakua. Hakuna aliyekuwa amemwambia jambo lingine lolote: afanye nini kaka akiwatoa watu wote nje na kubaki naye, amwite nani, akimbilie wapi. Alitumwa na kazi, hakupewa hata neno moja la kumlinda.

Daudi hakujua. Nakubali. Sisi tunajua, na bado tunawatuma.

Piteni jioni pale wanapochaji simu. Kuna ubao mrefu, simu zimepangwa kwa safu, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye namba, nyaya zimeteremka kutoka kwenye paneli ya jua iliyofungwa juu ya bati. Mtoto wa miaka kumi amesimama hapo, ametumwa na baba yake achaji simu. Anasubiri. Anayechaji ndiye huyo huyo anayepakia nyimbo na sinema kwenye kadi za memori, na si sinema zote ni za kumwonyesha mtoto. Vijana wakubwa wamezunguka kioo kimoja, wanacheka, wanamvuta mdogo naye atazame. Giza linaingia, mtoto anarudi nyumbani na simu imejaa moto. Baba anauliza kitu kimoja tu: kwa nini umechelewa?

Tunamtuma msichana kuuza mandazi kwenye kare za machimbo, upande wa Misisi, katikati ya wanaume waliotoka shimoni na pesa ya dhahabu mfukoni. Tunamtuma akamchotee mwalimu maji na kumwoshea vyombo. Tunampeleka mtoto mjini Baraka akalale kwa mjomba ili asome sekondari. Sisemi tusiwatume. Hakuna nyumba ya Fizi inayoishi bila mikono ya watoto, na mtoto asiyetumwa hafundiki. Nasema tusiwatume mikono mitupu.

Rudini kwenye sura. Tamari alipokamatwa, hakunyamaza. Maandiko yanatunza maneno yake, na ni maneno ya mtu mwenye busara kuliko wanaume wote wa nyumba ile: alikataa, alitaja sheria ya watu wake, aliuliza aibu yake ataipeleka wapi. Baada ya kutendewa alijipaka majivu, akachana vazi lake, akashika kichwa, akaenda zake analia. Mtoto alifanya sehemu yake yote. Waliobaki walikuwa watu wazima. Absalomu, kaka yake aliyempenda, akamwambia anyamaze, asiliweke moyoni, yule ni ndugu yake. Na Daudi? Daudi aliposikia alikasirika sana. Basi. Kwa ajili ya Tamari, sura haitaji tendo lake jingine. Mfalme mwenye jeshi, mwenye waamuzi, alikasirika sana.

Hasira ya Daudi tunayo hapa kwetu kwa wingi. Baba anapiga mlango teke, anachukua panga, mtaa mzima unamshika. Kesho yake wazee wanakuja. Siku ya pili wanakuja wazee wa upande wa pili. Siku ya tatu kuna kikao, kuna mbuzi amefungwa kwenye mti, kuna pesa zinahesabiwa juu ya mkeka, na msichana yuko ndani ya nyumba anasikia bei yake ikipanda na kushuka. Wanapeana mikono. Wanaita hiyo amani.

Lakini someni mbele. Miaka miwili baadaye Absalomu aliwaamuru watumishi wake wamwue Amnoni kwenye karamu ya kukata manyoya ya kondoo. Kisha akakimbia, akarudi, akaasi, na Daudi akatoka Yerusalemu bila viatu, analia, anapanda mlima na watu wake nyuma yake. Sisi tunaojua kukimbia usiku na godoro kichwani tunapaswa kuisoma habari hiyo kuliko watu wengine wote. Vita ile ilizaliwa chumbani, katika jambo ambalo watu wazima walilijua wakalifunika.

Kwa hiyo siwaombi leo mkaongee na watoto. Bado. Nawaomba mjiandae ninyi, kwa sababu mzazi asiyejiandaa akifungua mazungumzo haya hufoka, au hutisha, au hucheka kwa aibu, na mtoto akiona hivyo hatauliza tena. Wahenga walishasema, mficha uchi hazai. Tuanze na mdomo wetu.

Nimekaa na akina mama wa kikundi kimoja hapa jirani, tunajizoeza kutaja viungo vya mwili kwa majina yake, kwa Kibembe na kwa Kiswahili, bila matusi na bila mafumbo. Mama mmoja alijifunika uso kwa kitenge, akacheka hadi machozi yakamtoka. Jirani yake akamsukuma bega: sema, wewe umezaa watoto saba! Akajaribu, akakwama. Mwishowe akasema kwa sauti ya kawaida, kama anavyosema mkono au goti, na chumba kikanyamaza. Huyo sasa yuko tayari. Mtoto aliyefundishwa kwamba sehemu fulani za mwili wake hazina jina la kutamkwa, atasimuliaje alichotendewa hapo? Atamwambia muuguzi nini? Atamwambia nini OPJ, yule afisa wa polisi anayepokea kesi?

Na msidhani kazi hii imeletwa na wageni. Babembe walikuwa na butende, yaani jando, na mvulana hakutoka huko bila kuambiwa maana ya kuwa mwanamume. Msichana alikuwa na shangazi na bibi. Waislamu wenzetu wa Baraka wanawafundisha watoto madrasani habari za kubaleghe, hedhi na kuoga janaba, tena waziwazi, kwa sababu bila hiyo swala haisihi. Kitabu cha Mithali, kuanzia sura ya 5 hadi ya 7, ni baba amekaa na mwanawe akimweleza habari ya tamaa na vitanda vya watu bila kuzunguka. Kilichotokea ni kwamba vita vilitutawanya, shangazi yuko kambini, bibi alibaki upande wa pili wa ziwa, na nafasi yao hakuna aliyeichukua. Simu imeichukua.

Wapo watakaosema: mkiwafundisha, mnawachochea. Nawajibu kwa heshima, maana wanaosema hivyo wengi wao wanawapenda watoto. Mwongozo wa kimataifa wa UNESCO uliotolewa mwaka 2018 ulipitia tafiti za nchi nyingi, na hazikuonyesha kwamba mafunzo haya huwafanya vijana waanze mapema au wazidishe. Nanyi tazameni kwetu, ambako hatufundishi. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2013 na 2014 ulikuta wasichana 27 katika kila 100 wenye umri kati ya miaka 15 na 19 wameshazaa au wana mimba ya kwanza. Hao nani aliwachochea? Mafunzo gani?

Tena kumbukeni Kamituga, hapo Mwenga, majirani zetu wa dhahabu. Septemba 2023 ndipo ilipoanza kuonekana aina mpya ya mpox, na wauguzi walipofuatilia wakaona inapita kwa kulala pamoja, baa kwa baa, shimo kwa shimo. Kabla ya mwaka mmoja kupita, Agosti 14, 2024, Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya ulimwengu mzima. Muuguzi anayetaka kukata njia ya ugonjwa kama huo lazima aulize umelala na nani, na mgonjwa lazima ajibu. Aliyelelewa kunyamaza atajibuje?

Sasa mazungumzo yenyewe. Msimwite mtoto kwenye kikao. Mkimwita kikaoni atajua ameshitakiwa. Sheria ya Musa inawataka wazazi wafundishe wakiwa wamekaa nyumbani, wakiwa njiani, wakilala na wakiamka, yaani katikati ya kazi. Mama, mnamenya muhogo pamoja, macho yako kwenye kisu. Sema: “Mwanangu, siku moja utaona damu kwenye nguo. Usiogope, hujaumia. Mimi pia niliiona. Ukiiona, njoo kwangu saa hiyo hiyo, nimekuwekea vitambaa hapa.” Mwambie akiwa na miaka tisa au kumi, kabla haijafika, si siku anayoikuta darasani na kukimbia shule. Akikua kidogo ongeza: kuanzia siku hiyo mwili unaweza kushika mimba, hata kwa mara moja. Mweleze siku zinavyohesabiwa. Akiuliza jambo usilolijua, mjibu kwamba utamwuliza muuguzi, kisha ukamwulize kweli, urudi na jibu.

Baba, mvulana wako naye ana mwili. Ataamka usiku na nguo imelowa na atadhani ni ugonjwa au uchawi. Mwambie wewe. Mwambie pia kwamba msichana akisema hapana, imekwisha hapo, na akinyamaza kwa hofu bado si ndiyo. Na mwambie jambo ambalo akina baba wengi hawawezi kulitamka: kwamba wavulana nao hutendewa, na kwamba akitendewa hatapungua uanaume wake machoni pako. Wavulana wanaolala kwenye mabanda ya machimbo wanalihitaji neno hilo kuliko koti.

Na kila mtoto, wa kike na wa kiume, apewe watu wazima watatu wa kukimbilia, kwa majina. Nasema watatu kwa sababu mmoja anaweza kuwa ndiye mtenda. Amnoni alikuwa ndani ya ukoo. Mara nyingi adui hatoki msituni na bunduki. Anakula sahani moja na sisi, anaitwa mjomba, anaitwa mwalimu, anaitwa mtumishi wa Mungu. Mtoto afundishwe kwamba siri inayomwumiza tumbo si siri ya kutunzwa, hata kama aliyeitoa ana Biblia mkononi.

Nije kwenye simu, maana hapo ndipo wazazi wengi huniambia: mimi sijui mambo hayo, mtoto ananishinda. Vizuri. Anza kwa kumwomba akufundishe. Kaa naye kwenye mkeka, mpe simu, mwambie: nionyeshe unavyofanya. Atafurahi, na wewe utaona. Fungueni WhatsApp, mwingie kwenye mipangilio ya faragha. Picha yako ionekane kwa unaowajua tu. Kukuingiza kwenye makundi kuruhusiwe kwa unaowajua tu. Zimeni sehemu ile inayopakua picha na video bila kuombwa, kwa sababu ndiyo inayojaza simu ya baba uchafu wa makundi, na mtoto anaufungua akitafuta mchezo, tena inamaliza mega zenu bure. Wenye Facebook na wenye WhatsApp wenyewe wameweka umri wa miaka 13 kuwa wa chini kabisa kwa akaunti ya kawaida. Wa miaka tisa mwenye akaunti kama hiyo amedanganya umri wake, na huenda aliyemsaidia kudanganya ni kaka yake mkubwa.

Kisha mfundishe njia wanayopita wawindaji, maana ni ile ile kila mahali. Mgeni anaomba urafiki, picha yake ni ya msichana mzuri au kijana wa Ulaya. Anasifu. Anauliza umri, shule, kama unalala peke yako. Anakuhamisha kutoka mahali pa wazi kwenda mazungumzo ya wawili. Anatuma mega, labda pesa kidogo. Anaomba picha, ya kwanza ya uso, ya pili ya bega, ya tatu unaijua. Siku akiipata, sauti inageuka: nitumie pesa kwa M-Pesa au kwa Airtel Money, la sivyo naituma kwa mchungaji wako na kwa darasa lako lote. Mtoto anaiba pesa za mama, analipa, na yule anadai zaidi. Kuna watoto duniani wamejiua kwa jambo hili, wavulana wengi kati yao, pengine kwa sababu waliogopa hasira ya nyumbani kuliko kifo.

Kwa hiyo neno la kwanza mtoto alisikie kabla ya yote hayo: likitokea, njoo, sitakupiga na sitakunyang'anya simu. Ukilisema, ulitimize. Kisha fanyeni hivi. Msilipe hata franga moja. Msifute chochote, pigeni picha ya kioo, ujumbe, namba, jina, tarehe. Baada ya hapo mfungieni mwindaji huyo asiwasiliane tena na mtoto. Nendeni kwa OPJ na ushahidi huo, kwa maana nchi yetu ina Code du numérique tangu Machi 13, 2023, na kumtisha mtu kwa simu au kusambaza picha chafu za mtoto si utani wa vijana. Kuna pia huduma ya bure inayoitwa Take It Down kwa picha za walio chini ya miaka 18: inatengeneza alama ya namba kutokana na picha hiyo ndani ya simu yenyewe, picha haitoki, na kwa alama hiyo Facebook, Instagram na TikTok zinaweza kuitambua na kuizuia.

Na wewe mzee wa kanisa, na wewe mama wa umoja wa akina mama, unayepokea video ya msichana wa jirani kwenye simu yako na kuituma kwa wengine ukiandika “oneni dunia ilipofikia”, wewe ndiye umeisambaza. Hukumkemea mtu. Ulimchana vazi mara ya pili. Futa, usitume, mwambie aliyekutumia kwamba kwako imekomea.

Sasa sikieni namba hii, na kama kuna jambo moja tu mtalibeba leo, mlibebe hili. Saa 72.

Mtoto akibakwa, dawa ya kuzuia VVU, ile wanayoiita PEP, inapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Inamezwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba inafanya kazi ndani ya siku tano, na inafanya vizuri zaidi mapema. Kuna dawa za magonjwa ya zinaa, kuna chanjo ya homa ya ini ya B na ya pepopunda. Sasa hesabuni kile kikao cha mbuzi. Siku ya kwanza wazee wa huku, siku ya pili wazee wa kule, siku ya tatu makubaliano. Ni saa 72 hizo. Kikao kimekula dawa ya mtoto. Mnaona? Tunapatanisha koo mbili, na virusi havikuhudhuria kikao, havikusubiri mwenyekiti afungue kwa maombi.

Akija kwako, fanya hivi. Mwamini, umwambie umemwamini, kosa si lake, na amefanya vizuri kusema. Usimwulize alikuwa amevaa nini. Usimlazimishe asimulie mara kumi kwa kila shangazi anayeingia. Asioge kwanza, lakini akiwa ameshaoga mpeleke hivyo hivyo. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zifunge kwenye kitambaa au karatasi, si kwenye mfuko wa plastiki. Nenda kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata usiku, mradi kuna watu wa pikipiki wa kuaminika. Na zikipita saa 72 bado mpeleke, kwa sababu matibabu mengine yapo, na moyo wake unahitaji mtu.

Nendeni wiki hii mkamwulize muuguzi wenu kama dawa za PEP zipo, na zikiisha zinapatikana wapi. Ulizeni kabla ya shida. Hapa eneo la afya la Kimbi-Lulenge tulizoea kuona MSF, Madaktari Wasio na Mipaka, wakibeba mzigo huo pamoja nasi. Desemba 2020, baada ya wafanyakazi wao kushambuliwa mara kwa mara, wakatangaza kwamba wanasimamisha sehemu kubwa ya kazi zao katika Fizi. Panzi, hospitali ya Bukavu ya Daktari Denis Mukwege aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2018, iko mbali, na tangu Bukavu ilipotekwa Februari 2025 imekuwa mbali zaidi. Mashirika huja na huondoka, nasi tunawashukuru. Mzazi haondoki.

Sheria nitaipitia kwa ufupi. Ile ya Julai 20, 2006, inasema aliye chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kutoa. Kubaka ni kifungo cha miaka 5 hadi 20. Na mtenda akiwa mzazi, mwalimu, mtumishi wa dini au mganga, kifungo cha chini kinazidishwa mara mbili. Malipo hayafuti kesi. Sheria ya Januari 10, 2009, inakataza ndoa na uchumba wa watoto, kwa hiyo kumwoza msichana kwa aliyemharibu ni kosa juu ya kosa. Na asiwepo wa kuniambia sheria haifiki Fizi. Mwanzoni mwa 2011 wanawake wa Fizi walibakwa usiku wa mwaka mpya na askari. Walisema. Mahakama ya kijeshi ikasafiri hadi Baraka, wakasimama mbele yake na nyuso zimefunikwa, na kabla ya Februari kwisha Luteni Kanali Kibibi Mutware alikuwa amehukumiwa miaka 20. Hao walikuwa mama zetu na dada zetu, na kilichomfikisha kanali gerezani ni vinywa vyao.

Walimu wenzangu, sasa ni sisi. Tangu masomo ya msingi yalipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, mishahara inachelewa, najua. Lakini kozi ya Éducation à la vie iko kwenye programu ya sekondari, na sura ya mwili na uzazi ndiyo tunayowapa wanafunzi wanakili ubaoni kimya kimya hadi kengele ilie. Isomeni usiku uliotangulia. Wekeni boksi lenye tundu, wanafunzi watumbukize maswali bila majina. Mtashangaa hata ya darasa la sita la msingi yalivyo mazito. Swali linalowashinda mpelekeeni muuguzi aje darasani.

Na kabla ya kufungua mdomo, tusafishe mikono. Mwalimu anayeuza pointi kwa mwili wa mwanafunzi asimame wapi afundishe ulinzi? Wasichana wasitumwe tena nyumbani kwa mwalimu, si kuchota maji, si kupika, si kupeleka madaftari. Anayezungumza na mwanafunzi peke yake aache mlango wazi. Mwalimu asiandikiane na mwanafunzi kwa WhatsApp usiku. Kukiwa na ujumbe wa shule, uende kwenye kundi ambalo wazazi wamo. Direkta au prefe akipata malalamiko juu ya mwalimu wake, asimhamishie shule ya kijiji cha pili. Kumhamisha ni kumtuma tena.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, wazazi wenye watoto kuanzia darasa la nne wabaki, wa makanisa yote, na Waislamu wamealikwa. Kila mmoja aje na simu yake, hata iliyopasuka kioo, tufungue mipangilio pamoja. Muuguzi atakuwepo na atajibu wazi. Walimu waje na kitabu cha kozi. Watoto wataitwa wiki inayofuata, tukishakuwa tayari. Akina baba, nafasi zenu ni mabenchi ya mbele.